Laeli, Byamungu, Byaruhanga: Majina ya Kiebrania na Watoto wa Nakivale

Ndugu wachungaji, makatekista na walimu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, pamoja nanyi mliotoka Mbarara,

Mzazi anapoleta mtoto abatizwe huulizwa jina la Kikristo, na mara nyingi jina la nyumbani huachwa nyuma kama la hadhi ya chini. Leo nalitetea jina la nyumbani, na mashahidi wangu ni Waebrania wa kale.

Kwao jina lilikuwa sentensi fupi katika lugha ya kila siku. Mengi yalimtaja Mungu, ama kwa El ama kwa Yahu. Danieli: Mungu ndiye mwamuzi wangu. Isaya: Yahu ni wokovu. Ismaili: Mungu husikia, na majirani zetu Wasomali wangali wanaitana hivyo. Sasa tusikie ya humu kambini. Habimana, Mungu yupo. Hakizimana, ni Mungu aponyaye. Katika Hesabu 3:24 yumo mtu aitwaye Laeli, yaani wa Mungu. Mshi wa Kivu akimwita mwanawe Byamungu, na Mnyankore akimwita wake Byaruhanga, wamenena neno lilelile.

Wala ushahidi hauko katika Biblia peke yake. Barua za vigae vilivyofukuliwa Lakishi mwaka 1935 zinamtaja Hoshayahu. Vigae vya Samaria, vilivyopatikana mwaka 1910, vina majina ya Baali kando ya yale ya Yahu. Kila nyumba ilitaja iliyemwamini.

Yanayonigusa zaidi ni majina ya ugenini. Musa, mkimbizi huko Midiani, alimwita mwanawe Gershomu kwa sababu alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake. Yusufu alizalia Misri akamwita wa kwanza Manase, kwa kuwa Mungu alimsahaulisha taabu zake, na wa pili Efraimu, kwa kuwa alipata uzao katika nchi ya mateso. Aliyeongoza ujenzi wa hekalu baada ya uhamisho aliitwa Zerubabeli, mzao wa Babeli, jina la Kiakadi kabisa. Jina la kigeni halikumzuia.

Basi mama aliyejifungua njiani akimwita mtoto Shida, tusimkemee. Raheli alipokuwa akikata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu. Ni kweli Yakobo alilibadilisha likawa Benyamini, lakini Yakobo alikuwa baba. Sisi tunaoshika kalamu si baba.

Naomba kikao kikubali mambo mawili. Kwanza, kabla ya ubatizo, mzazi aulizwe maana ya jina la nyumbani, na maana hiyo iandikwe katika daftari la kanisa. Pili, jina hilo liandikwe kwa herufi anazozitaja mzazi, lile lile katika cheti cha kuzaliwa, kadi ya familia na daftari la shule, maana herufi moja ikipotea mtoto huonekana mtu mwingine mbele ya ofisi.