Nani Aliyekata? Matoleo ya Ganja & Hess na Kaseti za Mji Wetu

Mhadhara wa umma, Kalemie



Mwaka 1973 filamu ya kutisha kutoka Marekani ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, katika Wiki ya Wahakiki. Iliitwa Ganja & Hess. Aliyeiandika na kuiongoza alikuwa Bill Gunn, Mmarekani mweusi, mtunzi wa tamthilia na mwigizaji, na humo ndani yeye mwenyewe aliigiza. Ilikuwa na urefu wa dakika 110 na ushee. Huko kwao New York ilikuwa imefunguliwa mwezi wa Aprili na kuondolewa upesi, kwa sababu wahakiki wengi wa magazeti hawakuielewa na waliogharamia walitaka fedha yao irudi. Filamu ikauzwa kwa kampuni nyingine, na mhariri aitwaye Fima Noveck akapewa kazi ya kuipanga upya. Alipomaliza zilibaki dakika 78. Jina likabadilishwa kuwa Blood Couple. Gunn alikataa kutajwa, na mahali pa mwongozaji pakaandikwa F. H. Novikov.

Hiyo ya dakika 78 ndiyo iliyoingia kwenye kaseti za VHS. Ilizunguka madukani kwa majina mengi, mara Double Possession, mara Black Vampire. Aliyekodi kaseti hiyo katika miaka ya 1980 hakuwa na alama yoyote ya kumwonyesha kwamba anatazama kazi iliyopunguzwa kwa zaidi ya nusu saa, wala kwamba ndani yake kuna vipande ambavyo mwongozaji alivitupa na mhariri akaviokota kuziba mapengo. Toleo la Gunn lilisalimika kwa kuwa nakala yake ilikuwa imehifadhiwa katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Gunn alifariki mwaka 1989, kabla kazi yake haijaweza kununuliwa dukani kama alivyoitengeneza. DVD ilitoka mwaka 1998, na diski ya Blu-ray, iliyotokana na nakala hiyo baada ya kusafishwa, ikafuata mwaka 2012.

Nimeichagua filamu hii kwa mji huu nikiwa na sababu. Hess Green ni daktari wa elimu ya binadamu, mtu mweusi tajiri, mwenye jumba, gari na dereva. Anachunguza taifa la kale la Afrika liitwalo Myrthia, ambalo Gunn alilibuni. Msaidizi wake, George Meda, anamchoma kwa jambia la Myrthia, kisha anajiua. Hess hafi. Anaamka na kiu ya damu, na damu ya kwanza anayokunywa ni ya Meda, aliyelala sakafuni. Baadaye anaiba mifuko ya damu kliniki, na anawafuata maskini wa mjini. Mke wa Meda, Ganja, anafika kumtafuta mumewe. Anaolewa na Hess na kuingizwa katika kiu ile ile. Mwisho Hess anarudi kanisani, anapiga magoti, anakwenda kufia kwenye kivuli cha msalaba. Ganja anabaki hai.

Wazee waliomo humu hawahitaji kuelezwa kiu ya namna hiyo. Katanga nzima ilikuwa na habari za batumbula, watu waliosemekana kuwakamata wengine usiku kwa ajili ya mabwana, na ng'ambo ya ziwa watu waliogopa mumiani. Wanahistoria wamezichunguza habari hizo kama njia ya watu kusema jambo la kweli kuhusu kazi, ukoloni na miili iliyotumika bila idhini. Mtazamaji wa Kalemie akimwona msomi tajiri ananyonya damu ya wasio na kitu, haoni kioja cha kigeni. Nadhani angeweza kumwelewa Gunn haraka kuliko wahakiki wa New York, sharti moja tu: aonyeshwe filamu ya Gunn.

Na kuna sauti. Kila kiu inapomshika Hess, tunasikia wimbo wa kazi wa Wabongili, watu wa ng'ambo ya pili ya mto, katika Kongo-Brazzaville. Ulirekodiwa katika miaka ya 1940 na kutolewa kwenye santuri huko Marekani. Gunn aliuchukua na kuupa Myrthia, taifa lisilokuwepo. Mimi jambo hilo linaniuma kidogo, kwa kuwa waimbaji walikuwa na jina la watu wao na mahali pao, na filamu ikawageuza kuwa sauti ya ndoto. Lakini ndoto hiyo ina nguvu ya ajabu. Wimbo unarudi na kurudi mpaka mtazamaji anaanza kuuogopa kabla haujaanza, na hapo ndipo urefu wa filamu unapofanya kazi: woga wa namna hiyo unahitaji muda wa kusubiri. Wenye mali walitaka filamu ya wanyonya damu weusi kwa sababu Blacula ilikuwa imeleta fedha mwaka 1972. Walimpa Gunn dola 350,000, naye akawaletea hadithi ya uraibu, imani na utajiri, yenye mwendo wa ibada. Noveck alipewa kazi ya kurudisha kile kilichoagizwa.

Ukataji wenyewe siulaumu. Dawn of the Dead ya George Romero, ya mwaka 1978, ina matoleo matatu yanayojulikana sana. Lililopelekwa Cannes likiwa bado halijapunguzwa lina dakika 139. Lililoonyeshwa Marekani lina 127. Na la Ulaya, lililohaririwa na Mwitaliano Dario Argento aliyesaidia kuipatia filamu fedha, lina 119. Argento alipunguza mizaha na kuongeza muziki wa kundi la Goblin. Filamu yake inakimbia zaidi na kucheka kidogo. Wapenzi wanabishana mpaka leo lipi ni bora, na mabishano hayo ni mazuri, kwa sababu kila toleo lina mwenyewe. Anayetaka ya Argento anajua anatazama kazi ya Argento. Blood Couple ilimnyima mtazamaji elimu hiyo, ikamnyima Gunn kazi yake, na hata Noveck ikamficha nyuma ya jina la kubuni.

Hapo ndipo ninapotaka kumtaja mtu wa upande wetu. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana Tanzania nzima kama Lufufu, alichukua filamu za nje, akarekodi sauti yake juu ya filamu hizo kwa Kiswahili, na kaseti zikauzwa. Titanic ni moja kati ya hizo. Hakutafsiri maneno peke yake. Alieleza, alionya, alikaripia wahusika, alijaza ukimya, na penye mazungumzo marefu alipita apendavyo. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana akina VJ Jingo wanaosimulia kwa Kiluganda. Wasomi wengine wanaziona kazi hizi kama uharibifu. Mimi nasema kaseti ya Lufufu ni toleo kamili, lenye haki ya kuwekwa mezani kando ya toleo la Argento, tena ina uaminifu ambao kampuni iliyotoa Blood Couple haikuwa nao: msimulizi anajitaja, sauti yake inasikika tangu mwanzo, na mnunuzi alilipa akijua anamlipa Lufufu. Suala la haki ya waliotengeneza filamu kulipwa lipo, na ni zito. Ila ni suala jingine.

Kalemie ina desturi ndefu ya kupokea filamu zilizopita mikononi mwa wengine. Mji ulipoitwa Albertville, sheria ya Wabelgiji ilitenganisha watazamaji. Mkongo alionyeshwa zile tu zilizopitishwa na kamati ya ukaguzi kwa ajili ya Waafrika, na kilichoonekana hakifai kikaondolewa. Mara nyingi mbele ya turubai alisimama padri au msemaji akieleza kwa lugha ya wenyeji kinachotendeka, na bila shaka kinachopaswa kufikiriwa. Babu zetu walitazama matoleo bila kuambiwa kwamba ni matoleo. Baada ya hapo zikaja kaseti, halafu diski, nyingine kwa reli, nyingine kwa meli kutoka Kigoma, pamoja na filamu za Tanzania zenyewe. Humo zimo za kutisha, kama Nsyuka ya Mussa Banzi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sasa niwaeleze wanafunzi namna ya kulinganisha, maana hapa watu hukosea kwa wepisi. Kosa la kwanza ni kuamini saa. Filamu ya sinema hupita kwa picha 24 kila sekunde. Kaseti ya mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania na Kenya, hupitisha picha 25, na kwa kawaida filamu ikihamishiwa huko huharakishwa tu. Filamu ya dakika 110 itaisha kwa dakika 105 na nusu hivi bila picha hata moja kukatwa, na sauti za waigizaji zitapanda kidogo. Kwa hiyo ukikuta kaseti fupi kwa asilimia nne, usitangaze kwamba umegundua ukaguzi wa serikali. Sikiliza kwanza sauti.

Rangi nayo inadanganya. Televisheni ya Zaire ilifuata mfumo mwingine, SECAM, kama nchi nyingi zilizoelekea Ufaransa. Kaseti ya PAL iliyovuka ziwa, ikichezwa kwenye seti inayojua SECAM pekee, ilitoa picha isiyo na rangi. Fikirieni filamu ya kutisha ambayo damu yake ni kijivu. Aliyeitazama hivyo hakuona kazi ya mhariri yeyote, lakini kwake yeye toleo lilikuwa lile, na kumbukumbu yake ni ushahidi halali mradi tuandike aliitazama kwenye mashine gani.

Diski za VCD zina mpaka wake. Moja hubeba dakika 74 hadi 80. Filamu ndefu zaidi hugawanywa katika diski mbili, na anayegawa huwa hafikirii hadithi. Anakata pale nafasi inapokwisha. Blood Couple inaingia kwenye diski moja. Filamu ya Gunn inahitaji mbili, na katikati ya ibada mtu atainuka kubadilisha, au diski ya pili itakuwa imekwaruzika na hadithi iishie hapo. Ninawasihi mlichukulie jambo hilo kwa uzito, kwa sababu wengi wetu tunazo filamu vichwani ambazo mwisho wake hatukuwahi kuuona, na tumejitungia wenyewe.

Baada ya kuondoa hayo, ndipo kazi ya kweli inaanza. Weka matoleo mawili kando kwa kando, andika kila tukio na dakika yake. Tega sikio kwenye muziki: picha ikikatwa kwa ustadi jicho halioni, lakini wimbo ukiruka pigo moja sikio linajua. Tazama majina ya mwanzo na ya mwisho, nani ameondolewa na nani ameingia. Kisha ondoa tukio moja akilini na uulize ni mhusika gani amepungukiwa. Mfano mzuri ni Night of the Living Dead ya 1968, ya Romero pia. Shujaa wake ni Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, yule yule ambaye baadaye akawa Hess. Filamu hiyo ilikosa ulinzi wa hakimiliki kwa sababu msambazaji alipobadilisha jina aliisahau alama ya hakimiliki, hivyo kila mwenye mashine aliweza kuinakili. Mwaka 1999 ilitoka ya maadhimisho, yenye matukio mapya yaliyopigwa na John Russo, aliyeshirikiana kuandika ya kwanza, Romero hakuhusika. Ukiilinganisha na ile ya awali utaona kwamba nyongeza nayo inaweza kudhuru. Ben anapigwa risasi na kundi la wazungu wenye silaha linalomdhania mfu, na nguvu ya kifo hicho inatokana na filamu kunyamaza mara moja baada yake, ikabakiza picha za mnato tu. Nyongeza inaizungushia hadithi nyingine, mtazamaji anaondoka akiwaza mambo mengine.

Nakala zinazookoa filamu hupatikana pasipotarajiwa. The Wicker Man ya Robin Hardy ilipunguzwa Uingereza mwaka 1973 hadi dakika 88 na kuonyeshwa kama filamu ya kusindikiza nyingine. Nakala ndefu ilibaki kwa sababu Roger Corman wa Marekani alikuwa ametumiwa moja, na toleo la mwaka 2013 lilitokana na nakala iliyokutwa katika hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mbali na kitovu hakuna anayerudi kukusanya kilichotumwa.

Sisi tuko mbali na kila kitovu cha filamu. Katika masanduku ya mji huu zimo kaseti zilizosimuliwa, diski zilizounganisha filamu mbili, nakala za nakala zenye muhuri wa duka lililokwisha kufungwa. Unyevu wa ziwa unaziotesha ukungu, na ukungu ukishaingia kwenye utepe, mashine inautafuna. Naomba chuo kitenge chumba kikavu, mashine ya VHS inayosoma PAL na SECAM, kompyuta, na kijana mmoja mwenye subira. Kila kaseti iandikiwe ilikotoka, ilipita kwa nani, nani anasikika akisimulia, ina dakika ngapi kwa mfumo gani. Mwenye kaseti abaki na kaseti yake. Sisi tunahitaji kuisoma mara moja tu. Kaseti zilizovunjika mgongo zisitupwe, kwa kuwa utepe unaweza kuhamishiwa kwenye ganda jingine kwa bisibisi ndogo na mikono misafi. Na wale waliowahi kusimulia filamu kwenye vibanda vya video vya hapa, bila kurekodiwa, tungependa waje wakae mbele ya maikrofoni na kusimulia tena ile wanayoikumbuka zaidi.