Hita ya Gesi Inapogoma Botini: Fundi Aanzie Wapi

Boti ninazokuja kuzizungumzia si mashua wala ngalawa. Ni zile boti nyembamba za chuma na boti ndogo za faiba zilizofungwa kwenye mifereji na mito ya Uingereza. Mifereji hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita 3,000, na wapo watu wanaoishi juu ya maji mwaka mzima, Januari ikiwemo. Mafundi wengi tuliomo kwenye semina hii tuliijua gesi kupitia jiko la nyumbani, Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Mtungi tunaufahamu, regulata tunaifahamu. Baridi ndiyo ngeni kwetu, na gesi ikipigwa na baridi haina tabia ile tuliyoizoea.

Nina hoja moja tu. Hita ikigoma, fundi hukimbilia bisibisi na kufungua kasha lake. Kasha lifunguliwe mwisho. Mara nyingi hita yenyewe ni nzima. Ugonjwa uko mtungini, kwenye waya au kwenye bomba la moshi. Kadi ya umeme ya hita ni miongoni mwa vipuri ghali kabisa, na ndiyo inayobadilishwa bure kuliko vyote.

Tukumbushane inavyofanya kazi. Nazungumzia hita ya feni inayotumia umeme wa voti 12, iliyozibwa ili moto wake usikutane na hewa ya chumbani. Kidhibiti joto kikiita, feni huzunguka kwanza ili kusafisha chumba cha moto. Halafu spaki inapiga na valvu ya solenoidi inafungua gesi. Elektrodi inachungulia moto kwa mkondo mdogo sana wa umeme unaopita ndani ya mwali wenyewe, wa kiwango cha mikroampia. Isipouona mwali kwa sekunde chache, valvu inafungwa. Hita hujaribu tena kidogo, kisha inajifunga mpaka izimwe na kuwashwa upya. Hewa ya kuunguzia inavutwa kutoka nje ya boti, na moshi unarudishwa nje.

Kwa hiyo kujifunga si ugonjwa, ni ulinzi. Mwenye boti anayekaa akibonyeza swichi mara kumi kumi ili "iamke" anamwaga gesi isiyoungua ndani ya chumba cha moto kila anapojaribu. Mwambieni aache, tena mwambieni kwenye simu kabla hamjafunga safari.

Na mkiwa bado kwenye simu, mwulizeni inagoma vipi. Haizunguki kabisa? Inazunguka lakini haishiki moto? Inawaka, kisha inazima? Au inasumbua usiku tu? Majibu hayo yanawapeleka sehemu tofauti za boti.

Feni isipozunguka, au ikizunguka kwa kujivuta, anza na umeme. Hita nyingi za aina hii hujizima voti zikishuka karibu na 10.5. Kosa tunalolifanya ni kupima kwenye betri, kukuta 12.2, na kusema umeme upo. Pima kwenye plagi ya hita yenyewe, wakati inajaribu kuwaka na vifaa vingine vinafanya kazi. Chukueni waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Betri iko tezini, hita iko omoni, mita 10 kwenda na 10 kurudi. Waya huo una ukinzani wa takriban ohm 0.23. Kama umegawana mzigo na taa na pampu ya maji, na ampia 6 zinapita humo, voti 1.4 zinapotelea njiani. Zile 12.2 zimekuwa 10.8, na hapo hatujagusa kutu ya kwenye viunganishi wala kishikio cha fyuzi kilicholegea. Hita haikosei ikikataa.

Feni ikizunguka na spaki ikasikika lakini moto hakuna, nenda kwenye gesi. Kwanza tazama rangi ya mtungi. Uingereza, mitungi ya buluu mara nyingi ni ya buteni na myekundu ni ya propeni. Buteni huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi. Propeni huendelea mpaka karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wa buluu uliojaa tele unaweza kuwa hauna faida yoyote asubuhi yenye barafu, na mwenye boti akautikisa na kukuapia kwamba gesi imo. Imo kweli, ila imelala chini ikiwa kimiminika.

Kisha regulata. Ya buteni kwa kawaida hutoa milibari 28, ya propeni 37. Manomita ikae kwenye tundu la kupimia huku jiko na kifaa kingine vikiwaka, maana shinikizo la mfumo uliotulia halikuambii mengi. Likiporomoka mara gesi inapotumika, tafuta regulata iliyochoka, mpira ulioachia mafuta ndani yake, au valvu isiyofunguka yote. Hapa ndipo nitasikia, "Lakini fundi, jiko linawaka vizuri." Jiko si shahidi wa kutegemewa. Litawaka kwa mwali mfupi, chai itachelewa dakika mbili na hakuna atakayejua. Hita haina subira hiyo.

Buibui nao wana sehemu yao. Hita iliyolala kiangazi kizima huweza kukutwa na utando kwenye mrija wa kichomeo au kwenye bomba la kuvutia hewa.

Sasa ile inayowaka, ikapasha dakika kadhaa, halafu ikazima. Hii ndiyo inayokula muda wa mafundi, na ndiyo ninayoipenda, kwa sababu hesabu yake inaonekana. Kila kilo moja ya propeni inayoungua inazaa takriban kilo 1.6 za maji. Hita ya kilowati 2 inaunguza kama gramu 150 kwa saa. Maana yake ni robo lita ya maji kila saa, ambayo ni lazima ipite kwenye bomba la moshi. Sehemu kubwa inatoka ikiwa mvuke, lakini bomba likiwa baridi, sehemu inageuka matone. Bomba likiwa na mteremko kuelekea nje, maji yanajitokea. Ila fundi aliyetangulia huenda alikuta bomba limezidi urefu, akaona vibaya kulikata, akalikunja vizuri chini ya kitanda. Pale penye bonde maji yanakaa, moshi unakosa njia, moto unakosa hewa, hita inazima. Ukiizima na kusubiri kidogo, inawaka tena, na wewe unaagiza kadi mpya.

Tazameni pia ncha ya nje. Ikielekea joshini, upepo mkali unausukuma moshi urudi ndani. Boti ya jirani ikifungwa ubavuni, au ukuta wa gati ukikaribia mno, moshi uliotoka unavutwa upya pamoja na hewa ya kuunguzia.

Zile za usiku tu zinachanganya mambo mawili: hakuna chaji inayoingia kwenye betri, na mtungi unapoa kwa hali ya hewa na kwa gesi inayochotwa. Fundi akifika saa nne asubuhi jua limetoka, kila kitu kinafanya kazi na mwenye boti anaonekana mwongo.

Kuhusu usalama nitakuwa mkali. Propeni ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Ikivuja inashuka kwenye ngama na kutulia humo. Asilimia 2 hivi ndani ya hewa inatosha kulipuka. Ukisikia harufu, funga mtungi, toa watu, fungua milango, na usiguse swichi yoyote, hata ya pampu ya ngama. Uvujaji hutafutwa kwa kipima viputo au kwa maji ya sabuni.

Hatari ya pili haina harufu. Desemba 2019, watu wawili walikufa kwa kaboni monoksaidi ndani ya boti Diversion mjini York. Moshi ulitoka kwenye hita ya kebini. Hita hiyo ilikuwa ya dizeli, lakini bomba la moshi lililoachia ni hatari ileile. Tangu Aprili 2019, mpango wa usalama wa boti wa Uingereza unadai kengele ya kaboni monoksaidi kwenye boti nyingi zenye malazi, na ukaguzi hufanywa kila baada ya miaka 4.

Sheria nayo: kwenye boti ya kuishi au ya kukodishwa, anayegusa gesi kwa malipo lazima awe kwenye daftari la Gas Safe, tena kwa kipengele cha boti. Asiyekuwamo, hata kama Kariakoo alikuwa fundi wa kuaminiwa, apime voti, atazame mteremko wa bomba, aandike alichokiona na amwite mwenye cheti.

Manomita mbili na multimita ziko meza ya nyuma, pamoja na hita niliyoifungia bomba lenye bonde. Kundi la kwanza lianze kwa kunieleza mtapima nini kabla ya kuiwasha.