Kinywa Kimeshafunguliwa: Saratani na Kiti cha Daktari wa Meno



Katika kongamano moja la fani yetu, mwenzangu ninayemheshimu sana alisimama akasema kwamba kumkagua kila mgonjwa wa meno kwa kutafuta saratani ya kinywa ni kupoteza muda, maana hakuna aliyethibitisha kuwa kunaokoa maisha. Ukumbi ukampigia makofi. Mimi nilikunja mikono, na jibu langu ndilo mhadhara huu. Namna saratani hii inavyoanza, na jinsi tumbaku na pombe zinavyosaidiana kuileta, sitaeleza. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanayajua hayo, na wasioyajua watayakuta kwenye mtihani.

Mwenzangu aliegemea mambo mawili. La kwanza ni tamko la mwaka 2013 la Kikosi Kazi cha Huduma za Kinga cha Marekani, kwamba ushahidi hautoshi kuamua faida na madhara ya kuwakagua watu wazima wasio na dalili. Hili halituchukulii muda. Tamko hilo linataja wazi kuwa linawahusu watoa huduma za afya ya msingi. Madaktari wa meno hawamo. Aliyelinukuu hakufika aya hiyo, au alifika akanyamaza.

La pili ni zito: utafiti wa Trivandrum, jimboni Kerala, India, uliochapishwa na Sankaranarayanan na wenzake katika jarida la Lancet mwaka 2005. Mniwie radhi, huu ni utafiti ninaoupenda. Maeneo 13 yaligawanywa kwa kura: 7 yakakaguliwa, 6 yakabaki na huduma za kawaida. Waliokagua hawakuwa madaktari. Walikuwa wahitimu wa vyuo vikuu wa fani nyingine, wakafundishwa kutazama midomo ya watu, kisha wakatumwa nyumba kwa nyumba. Upande mmoja watu 96,517, upande wa pili 95,356, wote wa miaka 35 na zaidi. Nani leo angethubutu kuomba fedha za kazi ya ukubwa huo, kwa chombo ambacho ni jicho tu?

Vifo vya saratani ya kinywa vilikuwa 77 kwa waliokaguliwa na 87 kwa wasiokaguliwa. Uwiano wa viwango vya vifo ni 0.79, lakini ukweli ungeweza kuangukia popote kati ya 0.51 na 1.22, kwa hiyo bahati haikuondolewa. Mwenzangu aliishia hapo akakaa. Muhtasari wa utafiti uleule unaendelea: kwa wanaotumia tumbaku, pombe au vyote viwili, vifo vilikuwa 70 dhidi ya 85, uwiano 0.66, kati ya 0.45 na 0.95. Hapo bahati haina pa kujificha.

Basi tuwakague hao tu, mtu akapendekeza wakati wa maswali. Swali zuri, ila aliyeuliza hakumjua bibi yangu wa Pangani. Kijaluba chake hakikumtoka mkononi: majani ya mtambuu, popoo, chokaa na kipande cha tumbaku. Nikiwa mwanafunzi nilimjaribia dodoso letu. "Bibi, unatumia tumbaku?" Akasogeza tambuu shavu la pili. "Mjukuu wangu, mtu mzima kama mimi nitavuta tumbaku?" Hakunidanganya hata kidogo. Dodoso lingemwandika miongoni mwa wasio na hatari, naye anatafuna. Na hata bila tumbaku, tambuu imo katika orodha ya visababishi vya saratani ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani tangu monografia ya mwaka 2004. Kwetu si habari ngeni: ugonjwa wa utando wa kinywa kukakamaa hadi mdomo usifunguke, unaoletwa na popoo, ulielezwa na Schwartz mwaka 1952 kwa wanawake watano wa Kihindi kutoka Kenya.

Narudi Kerala, kwa namba ambayo sijasikia ikijadiliwa popote katika mabishano yetu. Watu 5,145 walionekana kuwa na dalili za kutilia shaka. Waliokwenda kuonwa na daktari ni 3,218, yaani asilimia 63. Zaidi ya theluthi waliishia njiani. Nauli, mavuno, woga, mume hakukubali. Sababu tunazijua bila kuambiwa. Kwa hiyo utafiti uliopima jicho ulipima pia barabara. Katika kiti cha meno barabara hiyo haipo: mkaguzi ndiye daktari, taa imewaka, kinywa kimeshafunguliwa. Ulimi unashikwa kwa shashi na kuvutwa kulia na kushoto, sakafu ya kinywa inapapaswa kwa vidole, tezi za shingoni zinaguswa. Ganzi haijakolea, kazi imekwisha.

Naukubali udhaifu wa hoja yangu. Kerala walipita majumbani. Mimi nazungumzia viti. Tena kwa wasiotumia tumbaku wala pombe, hesabu inabakiza vifo 7 kwa waliokaguliwa na 2 kwa wengine. Ni vichache mno kujengea hoja, lakini havinipendelei, nami nimevitaja.

Hata hivyo kila mgonjwa wangu atakaguliwa. Wagonjwa wetu huja jino likiuma au likilegea, na gego linalolegea bila ugonjwa wa fizi unaoeleweka huenda limelegezwa na uvimbe unaokula taya. Tabibu akikimbilia koleo, shimo halifungi, na wiki zinapotea kabla ya mtu kuuliza kwa nini. Kidonda kilichopita wiki 2 bila sababu inayoonekana kinahitaji biopsi. Hapo ndipo barabara inaporudi: kipande cha nyama kinasubiri gari la kukipeleka maabara ya patholojia, na mgonjwa anasubiri jibu. Mwenzangu akitaka tubishane kuhusu gharama, tuanzie kwenye gari hilo. Dakika za kutazama ulimi tayari tunazo.