Mkate na Kiriba cha Maji

Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo huletwa kwetu kwa sauti ya chini baada ya ibada, watu wengine wakiisha kwenda zao. Ni habari ya matunzo ya mtoto ambaye baba na mama yake hawakai tena pamoja, au hawakuoana kamwe. Ni nani atakayemlisha? Kwa kiasi gani? Na mmoja akikataa, itakuwaje?

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, twasoma habari za Hajiri na kijana wake Ishmaeli. Ibrahimu aliamka mapema, akampa mama yule mkate na kiriba cha maji, akamwacha aende na mtoto. Hatusemi kwamba Ibrahimu hakumpenda mwanawe, kwa maana Maandiko yatuambia kuwa jambo lile lilimhuzunisha sana. Lakini jangwa la Beer-sheba lilikuwa kubwa kuliko kiriba kile. Maji yakaisha. Mama akamweka mtoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali ili asimwone akifa. Mama alilia, lakini sauti ambayo twaambiwa Mungu aliisikia ni ya kijana.

Wengi bado hupima matunzo kwa kiriba. Baba hutuma elfu mbili wakati wa Krismasi, hununua viatu shule zikifunguliwa, kisha husema, “Mimi nimetoa.” Mama naye husema, “Anipe haki yangu.” Lakini matunzo si mshahara wa mama, wala si zawadi ya baba. Ni haki ya mtoto.

Nchi yetu ya Kenya haikufika hapo kwa siku moja. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumpeleka baba wa mtoto mbele ya hakimu ili atoe matunzo. Mwaka 1969 sheria hiyo ilifutwa, na akina mama wengi wakabaki na mzigo peke yao. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilifungua mlango tena, lakini wazazi wasipokuwa wameoana, jukumu la kwanza lilikuwa la mama. Ndipo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, ikakata maneno: baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imefuata njia hiyo hiyo.

Sasa kiasi huhesabiwaje? Wengine hudhani kuna orodha mahakamani, kwamba mtoto mmoja ni shilingi kadha wa kadha. Hakuna orodha ya namna hiyo. Hakimu hutazama mahitaji ya mtoto: chakula, nyumba, mavazi, karo na matibabu, na kama ana ulemavu wowote. Kisha hutazama mapato na mali ya kila mzazi, na mizigo mingine aliyo nayo. Wazazi huandika hayo katika hati ya kiapo. Kwa hiyo mama, tunza risiti za karo, za dawa na za kodi ya nyumba. Nawe baba, sema kweli juu ya mapato yako.

Tuchukue mfano. Mtoto anahitaji shilingi 12,000 kwa mwezi. Baba hupata 40,000, na mama anayekaa na mtoto hupata 15,000. Jukumu sawa si lazima liwe elfu sita kwa elfu sita. Hakimu aweza kumwagiza baba alipe karo na bima ya afya na kutuma fedha za chakula, naye mama abebe nyumba na mavazi. Kila mmoja hutoa kwa kadiri ya uwezo wake.

Mambo ya maisha hubadilika pia. Kiwanda hufungwa, mtu huugua, mtoto huingia sekondari. Hapo mzazi yeyote aweza kurudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe. Twasema na wewe ndugu uliyepoteza kazi na ambaye sasa huzimi simu tu, bali hata njia ya kwenda kwa mtoto umeihama kwa aibu. Usijifiche. Amri haifi kwa sababu umenyamaza. Deni hulimbikizana mwezi kwa mwezi. Nenda ukamweleze hakimu hali yako mapema.

Na kwa yule mwenye uwezo asiyetaka kutoa, sheria ina mkono. Mahakama yaweza kuagiza mshahara wake ukatwe kwa mwajiri kabla haujamfikia, au mali yake ikamatwe. Yaweza hata kumtia kifungoni, baada ya kuchunguza kama kweli alikuwa na uwezo akakataa. Na akikana kwamba mtoto si wake, yaweza kuagiza kipimo cha DNA.

Si lazima kuanza na mashtaka. Nendeni kwa afisa wa watoto aliye karibu nanyi, mkae mkapatane, na mapatano yaandikwe. Ahadi ya mdomo mbele ya wazee huleta amani siku ile, lakini yataka maandishi ili isimame siku mtu akigeuka. Fedha zikitumwa kwa M-Pesa, hifadhini ujumbe.

Jambo moja zaidi. Mama, usimfiche mtoto kwa sababu baba hajalipa. Baba, usizuie fedha kwa sababu umekatazwa kumwona. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina njia yake mahakamani. Mtoto asiye na chakula hashibi kwa kuambiwa ni nani aliyeanza ugomvi.

Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Hakusema tuwatunze tukiwa bado twapendana na mama yao. Kwa hiyo juma hili, wewe uliye na mtoto mbali nawe, uliza jambo moja kabla ya mwezi kwisha: Je, mwanangu anahitaji nini, na sehemu yangu ni ipi? Kisha peleka sehemu hiyo, na mwezi ujao uipeleke tena.

Mungu, uliyemsikia kijana jangwani, utupe masikio ya kuwasikia watoto wetu. Amina.