Mkubwa ni Jalala



Wahenga wetu walisema kwamba mkubwa ni jalala. Msemo huu huweza kumshangaza mtu anayeusikia mara ya kwanza, kwa maana wengi hutamani ukubwa ili waheshimiwe, na jalala ni mahali pa kutupia taka. Lakini wahenga walijua walichokisema. Taka za nyumba nzima huishia jalalani. Vivyo hivyo makosa ya nyumba nzima humwishia mkubwa, hata yale asiyoyatenda kwa mkono wake. Kiongozi mwema, basi, hutambulikana saa ya lawama kuliko saa ya sifa.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha viongozi wawili katika saa hiyo. Wa kwanza ni Haruni. Kitabu cha Kutoka, sura ya 32, kinaeleza kwamba Musa alipokawia mlimani, watu walimtaka Haruni awafanyie mungu. Haruni aliipokea dhahabu yao, akaitengeneza, akawafanyia ndama. Musa aliposhuka na kumwuliza, alijibu kwamba watu wale wameelekea uovu. Tena kwamba yeye aliitupa dhahabu motoni, na ndama akatoka. Tazameni, ndugu zangu: kwa swali moja tu, kiongozi anawashitaki watu wake, kisha anaushitaki hata moto!

Wa pili ni mfalme Daudi. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24, Daudi aliamuru watu wahesabiwe, ingawa Yoabu, jemadari wake, alimpinga. Tauni ikaingia nchini. Daudi alipoona watu wanaangamia, alimwambia Bwana kwamba mwenye kosa ni yeye. Wale walikuwa kondoo tu, na adhabu imwelekee yeye na jamaa yake. Hakumtaja Yoabu aliyekwenda kuhesabu, wala maofisa waliofuatana naye. Hata hivyo tusisahau kwamba ungamo hilo lilikuja wakati watu elfu sabini walikwisha kufa. Ingalikuwa heri kama mfalme angalimsikiliza jemadari wake mapema.

Na sisi Tanzania tunao mfano wetu. Katika miaka ya 1970, mkoani Shinyanga, vyombo vya dola viliwakamata watu katika upelelezi wa mauaji. Baadhi yao waliteswa, na wengine wakafia mikononi mwa waliowashika. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakuwatesa watu wale. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake, naye mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri. Mwaka 1985 mtu huyo huyo akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano, akaongoza miaka kumi. Alipofariki dunia mwaka 2024, kujiuzulu kule kulikuwa kungali kukikumbukwa.

Pengine msikilizaji atauliza: kama kila mkuu ataondoka kwa kosa la mdogo wake, atabaki nani? Swali hilo ni la haki. Kujiuzulu si dawa ya kila kosa, wala hakukuwafufua waliokufa. Tena kubeba lawama si kumficha mkosaji. Aliyetenda uovu sharti ajibu kwa uovu wake. Lakini yapo mambo matatu ambayo kila kiongozi anayaweza. Aseme kweli kabla ya kulazimishwa. Awaendee walioumizwa, awasikilize. Kisha auzibe mwanya ambamo kosa lilipitia, ili mwingine asiumie.

Wala tusidhani kwamba maneno haya ni ya mawaziri na wafalme peke yao. Fedha za kikundi zikipungua, ni rahisi kumwachisha kazi mlinzi, huku aliyekabidhiwa ufunguo akiendelea kuketi kitini. Shule ikifanya vibaya, mkuu huwalaumu walimu, walimu huwalaumu wazazi, na wazazi humlaumu mtoto, ambaye hana wa kumlaumu. Hata nyumbani, mtoto akifaulu baba husema, "mwanangu". Akishindwa, humwambia mama, "mtoto wako". Ndugu yangu, huyo ni Haruni, na ndama yupo sebuleni kwako.

Wadogo hujifunza wanayoyaona. Penye mkuu anayewatupia wengine lawama, kila mmoja hujifunza kuficha, na kosa lililofichwa hukua. Penye mkuu anayesema, "Hili ni langu," mdogo naye hupata ujasiri wa kulisema lake lingali dogo. Ndivyo uongozi mwema unavyookoa watu.

Bwana wetu Yesu Kristo hakuwa na dhambi, lakini alizibeba zetu. Yeye ndiye Mkubwa aliyekubali kutolewa nje ya mji kama kitu cha kutupwa, ili sisi tusitupwe. Wiki hii, kila mmoja wetu mwenye watu chini yake na ajiulize: je, lipo jambo nililomtwika mdogo, ambalo kwa haki ni langu? Kama lipo, aende akalichukue.

Tuombe. Ee Mungu, uliyewakabidhi wanadamu wenzao, wajalie viongozi wetu, na kila mzazi na mlezi, moyo wa kukiri na bega la kubeba. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.