Mazao Yetu Mpakani: Nchi Zinapofungiana Milango

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za miradi za sharika na wageni wahisani)



Mbele yetu yapo maombi ya vikundi vya akina mama vinavyotaka mkopo wa kununulia mchele na ndizi za kuuza Malawi. Baadhi yenu mmeniambia kwamba baada ya yale ya mwaka 2025 tusitoe hata shilingi moja. Wengine mnasema Malawi ni jirani kuliko Dar es Salaam, tusiwanyime watu riziki. Nitasema maoni yangu, lakini kwanza tukumbushane kilichotokea.

Machi 2025 Serikali ya Malawi ilizuia kuingizwa nchini mwake kwa bidhaa kadhaa, zikiwemo unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Ilitaka kuwalinda wazalishaji wake na kuokoa fedha za kigeni, ambazo zilikuwa haba. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezifungia ndizi za Tanzania kwa miaka. Mwezi wa Aprili, Hussein Bashe, wakati huo akiwa Waziri wa Kilimo, akatoa muda: wasipolegeza, nasi tunafunga. Muda ukaisha, tukafunga. Mazao ya kilimo kutoka nchi hizo mbili yakazuiwa, na Malawi ikaarifiwa kwamba haitauziwa mbolea kutoka kwetu. Yakafuata mazungumzo, na kabla ya mwezi huo kwisha zuio la upande wetu likaondolewa.

Kwa wakubwa hizo ni siku chache tu. Lakini mkungu wa ndizi ukishakatwa hauna siku chache za kungoja. Mchele unaweza kungoja ghalani, ila marejesho ya kikundi hayangoji, na mama aliyeweka dhamana cherehani yake anajua hivyo.

Nani alikuwa na haki? Kwa maoni yangu serikali yetu ilikuwa na hoja, maana kufungiwa soko kwa miaka kunachosha. Kwa utaratibu wa Shirika la Biashara Duniani, nchi iliyokosewa hupeleka shauri kwanza, na huruhusiwa kulipiza baada ya kushinda, iwapo mwenzake bado anakataa kujirekebisha. Shauri kama hilo huchukua miaka, kwa hiyo nchi nyingi hazina subira hiyo.

Wageni wetu mnaokusanya nguo kwenye sharika rafiki, mfano wa Rwanda utawagusa. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi dola 2.50, ili kuinua viwanda vyake vya nguo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Kenya, Uganda na Tanzania, ambazo zilikuwa kwenye mpango huo huo, zikarudi nyuma. Rwanda ikakaza. Julai 2018 Marekani ikaiondolea nafasi ya kuingiza nguo huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Anayeumizwa na adhabu ya namna hiyo ni mshonaji, ambaye hakuwemo kwenye kikao.

Kwetu sisi mfano wenye manufaa zaidi ni ule wa mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, shehena iwe na cheti cha kiwango cha sumukuvu, na pawe na cheti cha uasili wa bidhaa. Kuanzia hapo aliyepita ni mwenye karatasi. Asiye nazo alibaki Namanga akibishana na turubai la lori.

Hapa ndipo vikundi vyetu vinapojichanganya. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kinachotolewa hapo hapo mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Watu wamekisikia, wanafikiri kitawavusha hata Kasumulu. Malawi si mwanachama wa Jumuiya hiyo. Tuko nayo SADC, na SADC ina cheti chake. Juu ya hicho, mazao yanahitaji cheti cha usafi wa mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na mnunuzi wa upande wa pili awe amepata kibali cha kuingiza kabla gari halijaondoka. Tamko la forodha lifanywe kupitia wakala mwenye leseni, si kijana mwenye simu mbili pale getini.

Njia za panya tuzisahau kabisa. Sheria ya forodha ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifisha mzigo wa magendo pamoja na chombo kilichoubeba. Kikundi kitapoteza mchele, na mwenye pikipiki atatudai pikipiki.

Maoni yangu basi: tukopeshe, ila si kwa namna ile ya zamani. Mkopo utoke baada ya kuona nakala ya kibali cha mnunuzi. Wanakikundi waunganishe mizigo yao iwe shehena moja, maana gharama ya wakala kwa magunia matano na kwa hamsini haipishani sana. Kwa ndizi ningependa tusubiri, kwa mchele twende. Na si zaidi ya nusu ya mtaji wa kikundi iende mpaka mmoja, ili siku lango likifungwa pabaki cha kuuza Mbeya mjini.

Kwa wahisani nina ombi ambalo huenda halipendezi kwenye picha za taarifa: fungu dogo la kulipia vyeti, ukaguzi na mafunzo ya siku mbili kwa makatibu wa vikundi. Kisima hupigwa picha, cheti hakipigwi. Bila fungu hilo, gharama hizo zitakatwa kwenye mtaji wa akina mama wenyewe.

Fomu mpya za maombi ziko mezani kwa katibu. Kila kamati ichukue za vikundi vyake, na zile za ndizi ziandikwe pembeni neno moja: subiri.