Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nyumba za Wageni Katika Mashamba ya Mizabibu ya Kroatia

Wenye ramani ya Ulaya, tafadhali ifungueni. Tafuteni nchi ya Italia, ile yenye umbo la kiatu. Mashariki yake iko bahari ya Adriatiki, na ng'ambo ya bahari hiyo mtaona pwani ndefu yenye visiwa vingi sana. Hiyo ndiyo Kroatia. Zamani ilikuwa sehemu ya Yugoslavia. Mwaka 1991 ilitangaza uhuru wake, na tangu mwaka 2023 watu wake hutumia fedha ya euro.

Leo tutazungumza juu ya nyumba za wageni zilizomo ndani ya mashamba ya mizabibu ya nchi hiyo. Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi sinywi divai, habari hii yanihusu nini?" Jibu langu ni kwamba somo hili si la ulevi. Ni somo la mkulima aliyerithi shamba gumu kutoka kwa baba zake, na njia aliyoipata ya kuendelea kuishi kwalo.

Kwanza, jueni kwamba kazi hii ni ya kale. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Wagiriki walihamia kisiwa cha Hvar. Waliugawa uwanda wa Stari Grad katika viwanja vilivyopimwa vizuri, wakavitenga kwa kuta za mawe. Mpaka leo viwanja vile vinaonekana, na wakulima wanapanda humo mizabibu na mizeituni. Mwaka 2008 uwanda huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Lakini kazi ya kale yaweza kuvunjika upesi. Katika karne ya 19, mdudu mdogo sana aitwaye filoksera aliletwa Ulaya kutoka Amerika. Mdudu huyu hushambulia mizizi ya mzabibu mpaka ufe. Alianza kuangamiza mashamba ya Ufaransa, na kwa kuwa Wafaransa walipungukiwa na divai, wakulima wa Dalmatia, yaani pwani ya Kroatia, walipata soko zuri. Wakapanda mizabibu hata juu ya vilima vya mawe matupu. Kisha mdudu akawafikia wao pia. Dawa iliyofaa ilikuwa kubebesha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Amerika, ambalo mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Lakini kazi hiyo yataka fedha na miaka. Watu wengi walipanda meli wakaenda Amerika na nchi nyingine za mbali, na kuta nyingi za mawe zikaachwa zimezungukwa na vichaka.

Sasa twende katika rasi ya Pelješac, kusini mwa nchi. Huko kuna mteremko uitwao Dingač, unaotazama bahari. Ni mkali mno, hata kazi nyingi hufanywa kwa mikono. Wenyeji husema kwamba zabibu zao huiva kwa majua matatu: jua la mbinguni, jua linalorudishwa na bahari, na jua linalorudishwa na mawe meupe. Zabibu yenyewe ni nyeusi na huitwa plavac mali. Mwaka 1961 jina la Dingač lililindwa kwa sheria, ili divai ya mahali pengine isiuzwe kwa jina hilo. Hata hivyo, mavuno yaliendelea kubebwa na punda kuvuka mlima. Katika miaka ya 1970 wanakijiji wenyewe walitoboa mlima, wakapata njia ya chini kwa chini yenye urefu wa karibu mita 400.

Basi, nyumba ya wageni yaingiaje hapa? Hesabuni pamoja nami. Mkulima akimwuzia mfanya biashara divai yake, hupewa bei ya jumla tu. Faida ya msafirishaji na ya mwenye duka huenda kwa wengine. Lakini mgeni akilala nyumbani kwake, hulipa chumba, hulipa chakula, na hununua chupa mlangoni. Fedha yote hubaki katika jamaa ile, na kijana aliyetaka kwenda mjini ana kazi ya kufanya nyumbani. Lakini kuna hatari moja: mkulima akiung'oa mzabibu ili ajenge vyumba vingi zaidi, mgeni atakuja kutazama nini?

Mkipata nafasi ya kwenda huko, yashikeni haya. Andikeni kwanza kabla ya kufika. Nyingi za nyumba hizi ni za jamaa moja, zenye vyumba vichache. Kwenda Pelješac sasa ni rahisi, maana mwezi wa Julai 2022 daraja lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 lilifunguliwa. Kaskazini, katika rasi ya Istria, ulizeni divai nyeupe iitwayo malvazija. Katika kijiji cha Lumbarda, kisiwani Korčula, tazameni mzabibu uitwao grk: maua yake ni ya kike tu, hivyo hupandwa pamoja na mizabibu ya aina nyingine ili uzae.

Mwezi wa Septemba ni wa mavuno. Mwenyeji ana kazi nyingi. Sisi husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ulizeni kama mwaweza kusaidia kuchuma. Si aibu kuchanganya divai na maji. Wenyeji hufanya hivyo, wakaiita bevanda. Asiyekunywa aseme hivyo bila haya, na asiyekula nguruwe aseme mapema, kwa sababu pršut, nyama iliyokaushwa ambayo huandaliwa mwanzo wa chakula, ni ya nguruwe. Na aliyekunywa asiendeshe gari. Barabara za milimani zina kona nyingi.

Nimalizie kwa jambo moja. Kule Marekani, wakulima wa California hujivunia zabibu iitwayo Zinfandel, ambayo asili yake haikujulikana kwa muda mrefu. Mwaka 2001 wataalamu wa California na wa Zagreb waliipata Kaštela, karibu na mji wa Split. Ilikuwa mizabibu michache tu katika shamba la zamani, nayo wenyeji huiita crljenak kaštelanski. Kama mwenye shamba lile angaliing'oa, asili hiyo ingalipotea pale.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu:
1. Kwa nini mkulima hupata faida zaidi akiuza divai yake nyumbani?
2. Jina la Dingač lililindwa kwa sheria. Je, liko zao la kwenu linalostahili kulindwa hivyo?
3. Mgeni akija kulala shambani kwenu, mngemwonyesha nini, na ni kitu gani msingekubali kukiondoa kwa ajili yake?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.